Kukoroma na kukatika pumzi usingizini: nilivyozunguka miaka miwili kabla ya kupata jibu

MLETA UZI

Ndugu zangu, salaam.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye kila asubuhi huamka amechoka kuliko alivyokuwa jana yake wakati wa kulala, na zaidi kwa ajili ya yule anayelala kando yake, kwa sababu katika ugonjwa huu mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Nitaeleza kwa urefu. Ningeuona uzi kama huu mwaka 2022, ningeokoa fedha nyingi na huenda ningeiokoa mishipa yangu ya damu na mengi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, ninaishi Morogoro, nina umri wa miaka 49. Nimekoroma tangu ujanani, na nyumbani kwetu jambo hilo halikuhesabiwa kuwa ugonjwa. Baba alikoroma, babu alikoroma, na mgeni akilalamika aliambiwa kwamba mwenye nyumba amelala usingizi wa pono, kwa maana kwamba amefanya kazi ya halali na sasa anapumzika. Nilikua nikiamini kuwa mkoromo ni dalili ya usingizi mnono.

Mwanzoni mwa 2022 nilianza kuamka na maumivu ya kichwa, yakitoka kisogoni hadi kwenye paji la uso, na ilipofika saa nne asubuhi yalikuwa yameacha yenyewe. Nilikwenda zahanati, nikapimwa malaria, haikuonekana. Nikapimwa taifodi, nikaambiwa ipo, nikanywa dawa. Baada ya wiki tatu kichwa kilirudi, na mzunguko ule ule ukarudiwa mara tatu. Baadaye nikapimwa presha ikasoma 160 kwa 100. Nikaanzishiwa dawa aina moja, ikaongezwa ya pili, ikaongezwa ya tatu, nikizimeza kwa uaminifu kila siku, na presha haikutii. Wakati huo huo nilikuwa naamka mara nne kila usiku kwenda kukojoa. Nikapimwa sukari, nikapimwa tezi dume, vyote vikawa salama.

Kisha kikaja kusinzia. Nilipitiwa na usingizi nikiwa nasahihisha madaftari, na kalamu nyekundu ikateleza ikachora mstari mrefu katikati ya kazi ya mwanafunzi wa kidato cha pili. Kesho yake alikuja mezani kwangu na daftari lake mkononi, akauliza kwa adabu ni kosa gani alilofanya pale. Sikuwa na jibu la kumpa.

Nilipoeleza kusinzia huku katika hospitali niliyokuwa nikitibiwa, niliambiwa nina msongo wa mawazo na kwamba silali vya kutosha, nikaandikiwa vidonge vya kunisaidia kulala. Naomba msomaji aliweke jambo hili moyoni: dawa nyingi za usingizi hulegeza misuli na kupunguza wepesi wa ubongo kushtuka, hivyo kwa mtu ambaye koo lake linaziba usiku zinaweza kumzidishia tatizo lenyewe. Mke wangu anasema wiki zile mbili ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote alizowahi kuniona. Mimi nakumbuka tu kwamba nililala.

Kilichonitisha ni barabara. Siku moja ya Jumamosi, kati ya Morogoro na Chalinze, nilisikia matairi yakisaga kokoto kando ya lami, nikafumbua macho. Sikuwa nimejua kwamba nimeyafumba. Mke wangu alikuwa kiti cha pembeni na mtoto wetu mdogo alikuwa nyuma. Tuliegesha gari, hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu, kisha mke wangu akasema kwamba sitaendesha tena hadi ajulikane mwizi anayeniibia usingizi. Nilimpa funguo.

Daktari wa nne niliyemwona, bingwa wa magonjwa ya ndani, alisoma faili langu lote kimya, kisha akaniuliza swali ambalo katika miaka miwili sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote mwenye koti jeupe: "Mwalimu, unalala na nani?" Nikamjibu ninalala na mke wangu. Akaniambia, "Basi wiki ijayo njoo naye. Wewe huna habari ninayoitaka."

Kumbe shahidi nilikuwa naye nyumbani siku zote. Mke wangu alikuwa ameanza kulala mzungu wa nne ili apunguze kelele, kisha akahamia chumba cha watoto, kisha akarudi, kwa sababu aligundua kuwa alikuwa anaamshwa na kimya. Mkoromo ulikuwa ukipanda, ukipanda, halafu unakatika ghafla kama redio iliyozimwa, na yeye akawa anakaa kitandani akingojea. Wapo katika familia waliosema nakabwa na jinamizi, na wakaniombea, na ninawashukuru. Lakini yeye alichukua daftari la mistari, akawasha saa ya simu, akaandika sekunde za kila kimya: 22, 31, 18, 40, 35. Kurasa mbili na nusu kwa usiku mmoja. Hakuwahi kunionyesha kwa sababu aliogopa kunitia hofu, na kwa sababu mimi mwenyewe kila alipotaja kukoroma nilimjibu kwamba na yeye anakoroma.

Aliliweka lile daftari mezani kwa daktari, kisha akawasha sauti aliyoirekodi. Nilijisikia kwa mara ya kwanza. Mkoromo, kisha kimya kirefu ambacho sote watatu tulikisikiliza bila kupumua, kisha mtweto kama wa mtu aliyeibuka kutoka majini.

Daktari alitueleza hivi. Tunapolala, misuli ya mwili hulegea, ikiwamo ile inayoshikilia njia ya hewa nyuma ya ulimi na kaakaa laini. Njia ikiwa nyembamba, hewa hupita kwa nguvu na kuzitikisa nyama laini za pale, na huo ndio mkoromo. Njia ikiziba kabisa, mkoromo hunyamaza, kwa kuwa hakuna hewa inayopita. Oksijeni katika damu hushuka, hewa chafu hupanda, ubongo hushtuka na kuuamsha mwili kwa sekunde chache, koo hufunguka kwa kishindo, na mtu hurudi usingizini bila kukumbuka chochote. Kitabibu huitwa apnia pale pumzi inapokatika kwa sekunde 10 au zaidi. Mtu mwenye ugonjwa mkali hufanya hivyo mamia ya mara kwa usiku mmoja, ndiyo maana analala kwa muda wa saa nane na kuamka kama hakulala.

Halafu akarudi kwenye faili langu. Maumivu ya kichwa ya asubuhi, alisema, mara nyingi hutokana na hewa chafu iliyolundikana usiku. Presha isiyotii dawa tatu ni moja ya ishara zinazopaswa kumfanya daktari aulize habari za usingizi, kwa sababu kila mshtuko wa usiku humwaga homoni za hofu mwilini na mishipa hujibana. Hata kukojoa kulikuwa na maelezo yake: mtu anapovuta pumzi dhidi ya koo lililoziba, moyo huvutwa na kutanuka kana kwamba umejaa damu kupita kiasi, nao hutoa homoni inayoziamuru figo zitoe maji. Maradhi yangu manne yakawa ugonjwa mmoja.

Alinitaka nifungue kinywa na kutoa ulimi bila kusema kitu, akaangalia kwa tochi, akasema kimeo changu hakionekani, ulimi umejaza nafasi yote. Akanipima shingo kwa futikamba: sentimeta 43. Fundi cherehani wangu alikuwa akiniambia kila mwaka kwamba kola inabana.

Kisha tukajaza madodoso mawili, na haya naomba muyafahamu kwa sababu mnaweza kuyajibu nyumbani kabla hamjatumia fedha yoyote. La kwanza linaitwa STOP-BANG, lilitungwa na madaktari wa usingizi wa upasuaji huko Toronto, Kanada, na kuchapishwa mwaka 2008. Lina maswali manane ya ndiyo au hapana: kama unakoroma kwa sauti kubwa, kama unachoka au kusinzia mchana, kama kuna mtu aliyekuona ukiacha kupumua usingizini, kama una presha, kisha uwiano wa uzito na urefu (BMI, yaani kilo zako ukizigawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) unaozidi 35, umri unaozidi miaka 50, shingo inayozidi sentimeta 40, na kama wewe ni mwanamume. Ndiyo tatu au nne humaanisha hatari ya kati, tano na kuendelea hatari kubwa. Nilipata sita. La pili ni la Epworth, lililotungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, mwaka 1991, na hupima kusinzia: unajipa alama kuanzia 0 hadi 3 katika hali nane, kama vile kusoma ukiwa umekaa, kutazama televisheni, kuwa abiria garini kwa saa nzima, au kuzungumza na mtu. Alama zikizidi 10 kati ya 24, usingizi wa mchana umepita kiasi. Mimi nilikuwa na 17.

Madodoso hayatoi hukumu. Yanaonyesha tu nani apelekwe kwenye kipimo, na kipimo ni kulala usiku mmoja ukiwa umefungwa vihisio. Nilipewa rufaa ya kwenda Dar es Salaam, na hapo pia nilizunguka, kwa sababu kila nilipopiga simu kuuliza kipimo cha usingizi nilipewa jibu la picha ya eksirei au la mashine ya moyo. Mwishowe nilikipata katika hospitali moja binafsi, na bima yangu haikukilipia. Ulizeni bei, na ulizeni kwa maandishi kama bima inahusika, kabla ya kusafiri.

Usiku wenyewe haukuwa na maumivu. Nilibandikwa vihisio kichwani kwa gundi ili kusoma mawimbi ya ubongo, vingine kando ya macho, kidevuni na miguuni, mrija mwembamba puani wa kupima hewa inayotoka na kuingia, kibanio cha oksijeni kidoleni kama kile tulichokizoea wakati wa UVIKO-19, na mikanda miwili, mmoja kifuani na mwingine tumboni. Mtaalamu alinieleza kazi ya mikanda hiyo, nami nilipenda maelezo yake. Pumzi ikikatika huku kifua na tumbo vikiendelea kuhangaika, basi koo ndilo lililoziba. Pumzi ikikatika na kifua kikatulia tuli, basi ni ubongo ambao haukutoa amri ya kupumua, na huo ni ugonjwa mwingine wenye sababu nyingine, mojawapo ikiwa moyo kushindwa kufanya kazi vizuri. Bila mikanda, vimya hivyo viwili hufanana.

Majibu yalikuja baada ya siku sita. Kwa wastani pumzi yangu ilikatika au kupungua sana mara 41 kwa kila saa moja ya usingizi. Chini ya 5 huhesabiwa kuwa kawaida kwa mtu mzima. Kuanzia 5 ni hali nyepesi, kuanzia 15 ni ya kati, kuanzia 30 ni kali. Kimya kirefu kuliko vyote kilidumu sekunde 58. Oksijeni yangu, ambayo mchana husoma 98, ilishuka hadi 71.

Niliisoma ile karatasi kwenye basi wakati wa kurudi, nikampigia mke wangu simu, nikamwomba msamaha.

Sasa natumia mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisifumbe, ile iitwayo kwa kifupi CPAP, nayo nimeitumia kwa miezi saba. Usiku naamka mara moja tu au siamki kabisa. Kichwa hakiumi. Presha imeshuka hadi 134 kwa 84 na dawa moja imeondolewa, ingawa daktari alinionya nisiahidi watu jambo hilo, kwa kuwa kwa wagonjwa wengi mashine peke yake hushusha presha kidogo tu. Karibuni kwa maswali.

MCHANGIAJI, TANGA

Mwalimu, asante sana kwa uwazi wako. Mimi ni mjane, nina umri wa miaka 56, mwembamba, na nimelala peke yangu tangu mume wangu alipofariki. Naamka koo limekauka, kichwa kizito, na mchana sina nguvu. Usiku nalala mang'amung'amu, nikishtuka mara kwa mara bila sababu. Daktari aliniambia ni umri. Nimesoma uzi wako nikajiuliza, mimi shahidi wangu nimtoe wapi? Na je, ugonjwa huu si wa wanaume wanene?

MLETA UZI

Mama, shikamoo. Umeuliza swali ambalo uzi wangu ulipaswa kuligusa.

Unene ni chanzo kikubwa, lakini si cha pekee. Mtu mwembamba mwenye kidevu kilichorudi nyuma, taya dogo, au mafindofindo makubwa anaweza kuziba koo vilevile. Kwa wanawake hatari huongezeka baada ya kukoma hedhi, na wengi wao hawaji hospitali wakilalamikia mkoromo. Huja wakisema wamechoka, hawapati usingizi, wana huzuni, na hivyo huandikiwa dawa za mambo hayo. Nakusihi usikubali jibu la umri kabla hujapimwa. Mwombe daktari akupime na tezi ya shingo pia, kwa sababu ikifanya kazi chini ya kiwango huleta uchovu na huweza kuchangia kuziba kwa koo.

Kuhusu shahidi: weka simu kando ya mto, irekodi sauti usiku kucha, na zipo programu za bure zinazofanya hivyo na kukuonyesha sehemu zenye kelele. Hazitoi jibu la kitabibu, lakini daktari akisikia dakika mbili za mkoromo unaokatika na kurudi kwa mtweto, atakuwa na jambo la kushika. Kama una mjukuu mkubwa au dada anayeweza kulala chumbani kwako usiku mmoja, mwombe ahesabu. Mwambie asikuamshe, aandike tu.

MCHANGIAJI, MUUGUZI, MWANZA

Naomba niongeze kuhusu watoto, kwa sababu katika wodi yetu ndiko ninakoumia zaidi. Mtoto anayekoroma kila usiku hana sababu ya kuonekana kuwa amelala vizuri. Sababu ya kawaida ni mafindofindo na zile nyama za nyuma ya pua kuwa kubwa kuliko nafasi iliyopo. Mtazameni: analala ameukunja mgongo na kuinyoosha shingo nyuma, kinywa wazi, anatoka jasho, anakojoa kitandani ilhali alikuwa ameshaacha. Mchana yeye hasinzii kama mtu mzima. Anakuwa mtundu, hatulii, darasani hashiki kitu, na watu wazima wanamchapa. Kwa mtoto, hata pumzi kukatika zaidi ya mara moja kwa saa si jambo la kawaida. Apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, maana upasuaji wa kuondoa nyama hizo huwasaidia wengi wao sana. Wazazi wenye watoto wa selimundu wawe makini zaidi, kwa sababu oksijeni kushuka usiku ni hatari kubwa zaidi kwao.

Na jambo la pili, ndugu zangu, tafadhali msiwapeleke watoto kukatwa kimeo kwa waganga wa mitaani. Nimepokea mtoto aliyeletwa akiwa amelowa damu kutoka kinywani hadi kifuani, mama yake akisema alitaka tu kikohozi na mkoromo viishe. Kimeo hakikuwa kimeziba kitu. Mbali na kuvuja damu, kisu kile kinaweza kumpa mtoto pepopunda, maambukizi ya koo, hata virusi vya UKIMWI. Mtoto yule alipona, lakini tulikaa naye siku tisa.

MCHANGIAJI, DEREVA

Mimi ni dereva wa lori, naenda Tunduma na kuvuka hadi Zambia. Kila alichokiandika mwalimu ninacho, hata tandiboi wangu huniambia kwamba nikilala kwenye kebini anadhani nimekufa. Tatizo langu ni moja: nikipimwa nikakutwa nao, tajiri atanipa gari tena? Nina watoto wanne.

MLETA UZI

Ndugu yangu dereva, hofu yako ni ya kweli na sitaipuuza, kwa sababu mimi nikisinzia darasani napoteza heshima tu, wewe ukisinzia unapoteza uhai na mkate kwa pamoja. Sijakutana na tajiri wako na siwezi kumsemea. Ninachokijua ni hiki: hatari iko kwa dereva ambaye hajatibiwa. Aliyetibiwa akatumia mashine kila usiku hurudi kuwa macho, na mashine nyingi hutunza kumbukumbu ya saa alizoitumia, karatasi ambayo unaweza kuiweka mezani kwa tajiri. Mtafute daktari peke yako kwanza, upate jibu lako, ndipo upange namna ya kulisema kazini.

Kabla ya hapo, usilale chali. Watu wengi huziba zaidi wakilala chali, kwa kuwa ulimi huangukia nyuma; wapo wanaoshona mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mpira mdogo ili wakigeuka uwaamshe. Acha pombe ya jioni, kwani hulegeza koo. Na ukihisi kope zinazidiwa, egesha. Kufungua dirisha na kuongeza sauti ya redio hakumwamshi mtu ambaye ubongo wake haujalala wiki nzima. Mimi nilifanya yote mawili asubuhi ile ya Chalinze.

MCHANGIAJI, NAIROBI

Nimeona mashine za CPAP zilizotumika zikiuzwa mtandaoni kwa bei nafuu. Je, mtu anaweza kununua tu na kuanza kutumia bila kupitia kipimo cha usiku? Na kuna zile pete za puani, dawa za kupuliza kooni, na gundi ya kufunga kinywa. Zinasaidia?

MLETA UZI

Nakushauri usianze na mashine. Shinikizo la hewa hupangwa kwa kila mtu, kati ya sentimeta 4 na 20 za maji kama wanavyolipima wao; langu ni 11. Likiwa dogo koo linabaki limeziba, likiwa kubwa hewa inavuja, tumbo linajaa, na mtu anaitupa mashine kabatini. Tena, kama tatizo lako ni ubongo kutotoa amri, mashine ya kawaida huenda isikufae. Kipimo ndicho kitakachokuambia. Kama chumba cha kulala hospitalini hakipatikani, ulizia kipimo kidogo cha kwenda nacho nyumbani, chenye mrija wa pua, mkanda na kibanio cha kidole. Kwa mtu mwenye dalili nyingi na asiye na magonjwa mengine makubwa ya moyo au mapafu, hicho mara nyingi kinatosha. Kikisoma salama na dalili bado zipo, usiridhike, omba kipimo kamili.

Kuhusu zilizotumika, kuna jambo ambalo kila mnunuzi anapaswa kulijua. Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake za kupumulia kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa ikimeng'enyuka, na chembe zake zingeweza kuvutwa na mgonjwa. Mashine ikiwa ya kabla ya tarehe hiyo, uliza namba yake na uikague kwanza.

Pete na dawa za kupuliza huweza kupunguza kelele kwa baadhi ya watu. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu kelele ikipungua na pumzi ikiendelea kukatika, umemnyamazisha shahidi. Gundi ya kinywa sitaigusa kabisa, hasa kwa mtu mwenye pua iliyoziba. Vinavyotumiwa na madaktari ni vingine: kifaa cha kuvaa menoni kinachosogeza taya la chini mbele, ambacho hutengenezwa na daktari wa meno aliyejifunza kazi hiyo na hufaa zaidi hali nyepesi na ya kati, upasuaji kwa waliochaguliwa, na kupunguza uzito kwa wenye uzito mkubwa. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya sindano iitwayo tirzepatide kwa watu wazima wanene wenye hali ya kati au kali. Ni habari njema, ingawa bei yake bado iko mbali na mfuko wa mwalimu.

MCHANGIAJI, TANGA

Mwalimu, marahaba. Nimelala na mjukuu wangu wa kidato cha tatu jana. Ameandika vimya 14 kabla hajapitiwa na usingizi yeye mwenyewe, kirefu ni sekunde 27. Nina miadi Alhamisi. Nina swali moja la mwisho: hiyo mashine ni ya umeme, na kwetu umeme hukatika. Ukikatika usiku, unafanyaje?

MLETA UZI

Mama, daftari hilo uende nalo, usilinakili upya, lipeleke na mwandiko wa mjukuu kama ulivyo. Na mjukuu mwenyewe kama anaweza kuomba ruhusa shuleni, aende nawe.

Umeme ukikatika, barakoa zina matundu ya kutolea hewa, hivyo hutakosa pumzi. Utaamka kwa sababu upepo umeacha, utaivua, utalala kwa ubavu hadi asubuhi. Mimi baada ya mwezi wa kwanza nilinunua betri ya gari na kigeuzi kidogo, na nikamwomba mtaalamu anizimie kile kichemsha maji cha kulainisha hewa nikiwa kwenye betri, kwa kuwa ndicho kinachokula umeme zaidi. Bila hicho, betri inanifikisha alfajiri. Muulize mtaalamu wako volti inayotakiwa kabla fundi hajaunganisha chochote.